Habasoda na mbegu za viungo: Nguvu ya kuzuia 'kutu' mwilini na mipaka yake

KATIKA maduka ya viungo ya Marikiti mjini Mombasa, katika vichochoro vya Lamu na katika mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, ni nadra kupata mbegu inayosifiwa kama habasoda. Huuzwa ikiwa nzima, ikiwa imesagwa, ikiwa imechanganywa na asali, au ikiwa mafuta ya rangi ya kahawia yaliyotiwa katika vichupa. Muuzaji akiulizwa inatibu nini, jibu lake huwa refu: kisukari, shinikizo la damu, pumu, maumivu ya viungo, hata saratani.

Katika miaka ya karibuni sifa hizo zimeongezewa neno la kisayansi. Vibandiko vya chupa nyingi hutangaza kwamba ndani mna "antioksidanti", na mnunuzi huachwa ajijazie mwenyewe maana ya neno hilo.

Neno lenyewe si uongo. Habasoda, pamoja na ufuta, giligilani na mbegu nyingine za mimea midogo inayoliwa, zina kemikali zenye uwezo huo, na uwezo wenyewe umepimwa katika maabara mara nyingi. Linalozua utata ni umbali uliopo kati ya kile kilichoonekana ndani ya chupa ya maabara na kile anachoahidiwa mgonjwa anayeshauriwa kuviweka kando vidonge vya hospitali.

Kutu ya mwilini

Chuma kikiachwa nje hushika kutu. Kiazi kikimenywa na kuachwa hugeuka rangi. Mafuta ya kupikia yakikaa wazi kwa muda mrefu hunuka uvundo. Katika mambo yote hayo mhusika ni mmoja, yaani oksijeni, hewa ile ile ambayo binadamu hawezi kuishi bila kuivuta.

Mwilini, seli hutumia oksijeni kuunguza chakula ili kupata nguvu. Kazi hiyo haifanyiki bila takataka. Sehemu ndogo ya oksijeni hutoka ikiwa imebadilika, ikiwa na elektroni moja isiyo na mwenzake. Chembe za namna hiyo huitwa radikali huru. Kwa kuwa elektroni hupenda kukaa mbili mbili, chembe hiyo humnyang'anya jirani yake elektroni moja, naye jirani akishanyang'anywa hugeuka mnyang'anyi. Msururu huo ukianza katika mafuta yanayounda utando wa seli, unaweza kuharibu sehemu kubwa kabla ya kukoma. Protini na DNA nazo hazisalimiki.

Antioksidanti ni kitu chochote kinachoweza kutoa elektroni au atomu ya haidrojeni ili kuukata msururu huo, bila chenyewe kugeuka kuwa mnyang'anyi mpya. Vitamini C na vitamini E ni mifano inayojulikana zaidi. Mimea ina maelfu ya nyingine, kwa kuwa nayo hushinda juani siku nzima na haina budi kujikinga. Mbegu hasa huhitaji kinga hiyo: hubeba akiba ya mafuta ya kumlisha mche utakapochipuka, na akiba hiyo sharti ikae miezi au miaka bila kuharibika.

Elimu hii haina umri mkubwa. Radikali ya kwanza ya kaboni ilielezwa na Moses Gomberg katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mwaka 1900, na wanakemia wengi wa wakati huo walisita kumwamini. Mwaka 1956 Denham Harman alitoa nadharia kwamba uzee wenyewe hutokana na uharibifu wa radikali huru. Kisha mwaka 1969, katika Chuo Kikuu cha Duke, Joe McCord na Irwin Fridovich wakagundua kwamba mwili una kimeng'enya chake maalumu cha kuondoa aina moja ya radikali hizo.

Ugunduzi huo wa mwisho ndio wenye uzito zaidi kwa mlaji wa kawaida, ingawa hautajwi kamwe katika matangazo ya biashara. Maana yake ni kwamba mwili haukai ukingojea chupa kutoka dukani ili ujilinde. Unavyo vimeng'enya vyake, unayo glutathioni inayotengenezwa ndani ya seli, na unao utaratibu wa kuongeza au kupunguza ulinzi kulingana na haja.

Isitoshe, si kila radikali ni adui. Chembe nyeupe za damu huzitumia kuua bakteria. Oksidi ya naitrojeni, ambayo nayo ni radikali, ndiyo inayolegeza mishipa ya damu ili shinikizo lisipande. Mtu ambaye angefaulu kuziondoa radikali zote mwilini mwake angeugua kabla ya mwisho wa wiki.

Mbegu nyeusi na kemikali yake

Habasoda, ambayo wanasayansi huiita Nigella sativa, ni mmea mdogo wa msimu mmoja usiozidi sana urefu wa goti. Huzaa maua meupe au ya samawati hafifu, kisha tunda lenye vyumba vilivyojaa mbegu ndogo nyeusi zenye pembe. Asili yake ni Asia ya Magharibi. Hulimwa Misri, Syria, Uturuki, India na, karibu zaidi na kwetu, nchini Ethiopia ambako huitwa tikur azmud na hutiwa katika mkate na mchanganyiko wa pilipili. Wahindi huiita kalonji na huinyunyizia juu ya mikate na katika achari.

Jina la habasoda limetokana na Kiarabu, na maana yake ni mbegu nyeusi tu. Katika mwambao wa Afrika Mashariki heshima yake imetokana zaidi na dini: imetajwa kuwa tiba katika hadithi za Mtume Muhammad zilizokusanywa na Bukhari. Daktari mashuhuri Ibn Sina naye aliiandika katika kitabu chake cha utabibu, Qanun, takriban miaka elfu moja iliyopita. Kwa hiyo anayeinunua Mombasa hanunui kiungo cha pilau; ananunua kitu ambacho babu na bibi yake walikiamini. Wataalamu wa afya wanaowahubiria wagonjwa bila kulijua jambo hilo hupoteza wakati wao.

Zaidi ya robo ya uzito wa mbegu hiyo ni mafuta mazito ya kawaida, yanayofanana na mafuta ya alizeti kwa muundo. Harufu yake kali hutoka kwingine, katika mafuta mepesi yanayoruka hewani, ambayo ni kiasi cha kati ya asilimia 0.4 na 2.5 tu ya mbegu. Ndani ya mafuta hayo mepesi ndimo imo thaimokwinoni, kemikali ya manjano ambayo karibu utafiti wote wa habasoda huizungumzia. Mtaalamu wa Misri, El-Dakhakhny, aliieleza katika chapisho la mwaka 1963.

Mwaka 1995 watafiti wa London wakiongozwa na Peter Houghton walionyesha kwamba mafuta ya habasoda na thaimokwinoni huzuia mafuta ya utando wa seli kuoza kwa oksijeni. Mwaka 2000 M. Burits na Franz Bucar wa Chuo Kikuu cha Graz, Austria, waliyapima mafuta mepesi ya mbegu hiyo na kubaini kwamba thaimokwinoni haiko peke yake: karvakroli, anetholi na terpinen-4-oli nazo zilizima radikali.

Kipimo kimojawapo walichotumia kinafaa kuelezwa, kwa kuwa ndicho kinachotajwa katika makala nyingi za kusifu mitishamba. Huchukuliwa kemikali iitwayo kwa kifupi DPPH, ambayo ni radikali iliyotulia na yenye rangi ya zambarau. Kitu kinachochunguzwa hutiwa ndani yake. Kikiwa na antioksidanti, zambarau hufifia na kugeuka manjano, na kasi ya kufifia hupimwa kwa mashine. Ni kipimo rahisi, cha bei nafuu, na mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kukifanya kwa siku moja. Ndiyo sababu kuna maelfu ya ripoti za aina hiyo kuhusu karibu kila jani na kila mbegu duniani.

Tatizo ni kwamba DPPH haipatikani katika mwili wa binadamu. Kipimo hicho hakionyeshi iwapo kemikali itapenya utumbo, itavuka ini salama, wala iwapo itafika panapohitajika. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwahi kuchapisha orodha ndefu ya vyakula na alama zao za antioksidanti kwa kipimo kingine kinachofanana na hicho, lakini mwaka 2012 ikaiondoa katika mtandao wake, ikieleza kwamba alama hizo zilikuwa zikitumiwa vibaya na wauzaji na hazikuwa na uhusiano uliothibitishwa na afya ya mlaji.

Hesabu ya kijiko

Hebu msomaji afanye hesabu. Chukua gramu 2 za habasoda, takriban kijiko kidogo cha chai. Tuseme mbegu hizo ni nzuri na zina mafuta mepesi asilimia moja. Hapo pana miligramu 20. Tuseme tena kwamba asilimia 40 ya mafuta hayo ni thaimokwinoni, kiwango ambacho si kibaya. Mlaji amepata miligramu 8.

Katika majaribio ya panya, dozi inayoonekana mara kwa mara ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama. Hata baada ya kuigawanya kwa 6, kama wafanyavyo wataalamu wa dawa wanapotoka kwa panya wa maabara kwenda kwa binadamu, mtu wa kilo 70 angehitaji zaidi ya miligramu 110, yaani karibu gramu 28 za mbegu kila siku. Hakuna anayekula kiasi hicho kwa hiari. Mbegu ni chungu.

Aidha, thaimokwinoni yenyewe haina tabia moja. Ikiwa kidogo, hubadilishwa na seli kuwa umbo linaloweza kutoa haidrojeni, na hapo hufanya kazi ya kinga. Ikiwa nyingi, humaliza akiba ya glutathioni na kuanza kuzalisha radikali badala ya kuziondoa. Uwezo huo wa pili ndio unaowavutia watafiti wa saratani, kwa vile seli ya uvimbe inaweza kuuawa kwa njia hiyo katika kisahani cha maabara. Mtangazaji anayesema katika sentensi moja kwamba habasoda "huondoa radikali na kuua saratani" pengine hajui kwamba anazungumzia kazi mbili zinazopingana.

Maoni ya wanasayansi wengi siku hizi ni kwamba kemikali za mimea hazifanyi kazi kubwa kwa kuzikimbiza radikali moja moja. Hufanya kama mgeni anayebisha mlango usiku. Mwili hushtuka kidogo, na seli huongeza vimeng'enya vyake vyenyewe vya ulinzi. Kwa maelezo hayo, dozi ndogo ya mara kwa mara inaweza kuwa na maana kuliko ilivyodhaniwa, na dozi kubwa inaweza kuwa na hasara tupu.

Majaribio kwa binadamu yapo, ingawa mengi ni madogo. Linalotajwa sana ni la Saudi Arabia, lililochapishwa mwaka 2010 na Abdullah Bamosa na wenzake. Wagonjwa 94 wa kisukari cha aina ya pili waligawanywa katika makundi matatu, wakapewa gramu 1, 2 au 3 za habasoda kwa siku kwa miezi mitatu. Waliopata gramu 2 walishuka kwa takriban pointi 1.5 katika kipimo cha HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari ya miezi kadhaa. Hayo si matokeo ya kudharauliwa. Gramu 3 hazikuongeza faida yoyote.

Hata hivyo, mambo mawili katika utafiti huo hayafiki kamwe kwenye kibandiko cha chupa. Kwanza, wagonjwa hao waliendelea kumeza dawa zao za hospitali. Habasoda iliongezwa juu yake. Pili, makundi yote matatu yalipewa habasoda, na hapakuwa na kundi la nne lililopewa kidonge kitupu ili kulinganisha.

Ufuta, giligilani na uwatu

Ikiwa kuna mbegu ambayo ushahidi wake hauhitaji maabara, basi ni ufuta, au simsim kama unavyoitwa na wengi nchini. Takriban nusu ya uzito wake ni mafuta, na mafuta hayo hustahimili miezi mingi bila kunuka, tofauti na mafuta mengine ya mbegu yenye muundo kama wake. Sababu ni kemikali za jamii ya lignani ziitwazo sesamini na sesamolini, pamoja na sesamoli ambayo huzalishwa kutokana na sesamolini ufuta unapokaangwa. Ndiyo maana mafuta ya ufuta uliokaangwa hudumu zaidi kuliko ya ufuta mbichi. Wapishi wa mkate wa ufuta Pwani na Zanzibar wamekuwa wakiitumia kanuni hiyo kabla ya mwanakemia yeyote kuipa jina.

Sesamini ina historia nyingine inayoigusa Kenya. Katika miaka ya 1940, wataalamu wa Marekani walitambua kwamba mafuta ya ufuta yakichanganywa na dawa ya pareto huifanya iue wadudu kwa nguvu zaidi. Pareto lilikuwa wakati huo zao kuu la nyanda za juu za Kenya. Ilibainika kuwa sesamini huvifunga vimeng'enya ambavyo mdudu huvitumia kuivunja sumu. Baadaye viwanda vilibuni kemikali yao yenye kipande kinachofanana na cha sesamini, na hiyo ndiyo inayotumika hadi leo katika makopo mengi ya dawa ya mbu. Kisa hicho kinaonyesha kwamba kemikali moja ya mbegu haina kazi moja. Vimeng'enya vya jamii hiyo hiyo vimo katika ini la binadamu, na ndivyo vinavyovunja dawa nyingi za hospitali.

Giligilani, ambazo majani yake ndiyo dania ya sokoni, zilikutwa katika kaburi la Farao Tutankhamun lililofunguliwa mwaka 1922. Sehemu kubwa ya mafuta yake mepesi ni linaloli, kemikali yenye harufu nzuri lakini isiyo hodari sana kuzima radikali. Uwezo wa antioksidanti wa giligilani hutoka zaidi katika asidi za fenoli, nazo ni nyingi zaidi katika majani kuliko katika mbegu. Hapa dania ya shilingi chache yaishinda chupa ya mafuta.

Uwatu ni somo la namna nyingine. Akina mama wa Pwani huupika kuwa uji kwa mzazi aliyejifungua, na wagonjwa wa kisukari huuloweka usiku na kuunywa asubuhi. Watafiti wa Hyderabad, India, walichapisha mwaka 1990 jaribio ambalo wagonjwa walipewa gramu 100 za unga wake uliotolewa mafuta kwa siku, na sukari yao ikashuka. Lakini sifa hiyo si ya antioksidanti. Karibu nusu ya mbegu ya uwatu ni nyuzinyuzi, na utelezi wake ndio unaopunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Wauzaji huuorodhesha miongoni mwa "mbegu za antioksidanti" kwa kuwa neno hilo huuzika kuliko nyuzinyuzi.

Mahali ambapo antioksidanti za viungo hufanya kazi bila shaka yoyote ni ndani ya sufuria. Nyama inapopikwa, mafuta yake huoza kwa oksijeni na kutoa kemikali zenye madhara. Mwaka 2010 watafiti wa Los Angeles walichapisha jaribio ambalo nyama ya kusaga ilichanganywa na viungo kabla ya kuchomwa. Mojawapo ya kemikali hizo ikapungua kwa asilimia 71. Katika mchanganyiko wao mlikuwamo karafuu, mdalasini, tangawizi, pilipili manga na kitunguu saumu. Msomaji yeyote wa Pwani ataona kwamba hiyo ni nusu ya njia kuelekea pilau.

Vidonge vilipojaribiwa

Kama radikali huru huharibu seli na antioksidanti huzizima, ilionekana wazi katika miaka ya 1980 kwamba kuwapa watu antioksidanti nyingi kungepunguza saratani. Nchini Finland, wanaume 29,133 waliovuta sigara waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa beta-karotini, kemikali inayofanya karoti kuwa na rangi yake, wengine vitamini E, na wengine vidonge vitupu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994. Waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao.

Wengi walidhani pametokea kosa. Lakini nchini Marekani jaribio jingine, la watu 18,314 waliokuwa wavutaji sigara au waliofanya kazi penye asbesto, lilisimamishwa Januari 1996 kabla ya muda wake baada ya saratani ya mapafu kuongezeka kwa asilimia 28 miongoni mwa waliopewa beta-karotini pamoja na vitamini A. Mwaka 2012 shirika la Cochrane lilijumlisha majaribio 78 yenye washiriki 296,707 na halikupata ushahidi kwamba vidonge vya antioksidanti hurefusha maisha. Beta-karotini na vitamini E zilionekana kuyafupisha.

Sababu moja inayotajwa ni kwamba seli ya saratani nayo hutaka kujikinga na radikali. Mwaka 2014 watafiti wa Gothenburg, Sweden, walionyesha kwamba panya wenye uvimbe wa mapafu waliopewa antioksidanti, uvimbe wao ulikua kwa kasi zaidi. Jambo hili ni zito kwa mgonjwa aliye katika tiba ya mionzi au tibakemikali, kwa kuwa tiba ya mionzi na baadhi ya dawa hizo huiua saratani kwa kutumia radikali huru zile zile. Ndiyo maana madaktari wa saratani huwataka wagonjwa wataje kila kirutubisho wanachokimeza, hata kama wamekinunua kwa jirani.

Majaribio hayo hayakuihusu habasoda, na haingekuwa haki kuitia mbegu hatiani kwa makosa ya kidonge. Chakula chenye viungo, matunda na mboga hakijawahi kuonyesha madhara hayo. Lakini chupa ya mafuta yaliyokamuliwa, inayonywewa kwa vijiko kila siku, imekaa karibu zaidi na kidonge kuliko na sahani ya chakula.

Hatari kubwa zaidi haimo katika mbegu wala katika chupa, imo katika kile ambacho mgonjwa huacha. Mwaka 2018 Skyler Johnson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha ulinganisho wa wagonjwa 281 wa saratani zinazotibika waliochagua tiba mbadala peke yake, na wengine wanaofanana nao waliotibiwa hospitalini. Waliokwepa hospitali walikabiliwa na uwezekano wa kufa mara mbili na nusu zaidi. Mgonjwa wa kisukari anayeacha insulini kwa sababu ya habasoda anaweza asingoje miaka. Siku chache zatosha kumfikisha katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Anayeitumia pamoja na dawa naye ana la kuangalia. Kwa kuwa mbegu hiyo huweza kushusha sukari na shinikizo la damu, ikiongezwa juu ya vidonge inaweza kuzishusha kupita kiasi. Kizunguzungu, kijasho chembamba na kutetemeka ni dalili za kwenda kupima mara moja. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, wanaojiandaa kwa upasuaji na wanawake wajawazito hushauriwa wasizidishe kiwango cha kawaida cha kiungo katika chakula. Mwaka 2013 iliripotiwa katika jarida la kitabibu habari ya mgonjwa wa kisukari aliyepata madhara ya ghafla ya figo baada ya kumeza vidonge vya habasoda kwa siku chache. Mafuta yake yakipakwa moja kwa moja kwenye ngozi, huwawasha na kuwatoa malengelenge baadhi ya watu.

Kununua na kuhifadhi

Mbegu za kitunguu hufanana sana na habasoda, na katika nchi nyingi habasoda huitwa kimakosa mbegu ya kitunguu. Njia ya kutofautisha ni pua. Chache zikisuguliwa katikati ya vidole, habasoda hutoa harufu kali inayokaribia ya oregano, huku mbegu ya kitunguu ikiwa haina harufu hiyo. Habasoda isiyonukia hata baada ya kusuguliwa imezeeka, na kilichoruka hewani ni kile kile kinacholipiwa.

Thaimokwinoni huharibiwa na mwanga. Ikipigwa na jua, chembe zake mbili huungana na kuwa kitu kingine. Kwa hiyo chupa angavu iliyopangwa kwenye meza kando ya barabara, jua la saa sita likiiwakia, imekwisha kupoteza sehemu ya sifa zake hata kama kilichomo ndani ni mafuta halisi. Mafuta halisi hukamuliwa bila moto na hutiwa katika chupa nyeusi au ya rangi ya kahawia iliyokolea. Ni ghali kuyakamua, na chupa kubwa ya bei ya kutupa huenda imetiwa mafuta ya kawaida ya kupikia.

Mbegu nzima hudumu kuliko zilizosagwa, kwa kuwa ganda lake ndilo chupa ya kwanza. Hufaa kusagwa kiasi cha siku chache na kuwekwa katika chombo kinachofungika, mahali pakavu na penye giza. Unyevu huleta ukungu, na ukungu huweza kuleta sumu ya aflatoksini, ile ile iliyoua watu 125 nchini mwaka 2004 kupitia mahindi, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Sumu hiyo haiondolewi kwa kukaanga. Mbegu zilizoshikana mabonge au zenye harufu ya uvundo hutupwa.

Kwa bidhaa zilizofungashwa, mnunuzi anapaswa kutafuta nembo ya KEBS, tarehe ya kutengenezwa na anwani ya mtengenezaji. Bidhaa inayodai kutibu ugonjwa huhesabiwa kuwa dawa ya mitishamba na hustahili kusajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Chupa yenye orodha ndefu ya maradhi na isiyo na nambari ya usajili inaweza kuripotiwa kwa bodi hiyo.